Kabla hujasafisha ini, kagua jiko lako

Beseni limejaa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mteja amekunja suruali hadi magotini, miguu imezama, na kati ya miguu hiyo kuna kidude chenye waya uliochomekwa kwenye umeme. Hazipiti dakika nyingi maji yanaanza kuwa ya njano, yanageuka rangi ya kutu, kisha kahawia yenye mapovu na vichembe vyeusi. Mhudumu anachukua chati na kuanza kutafsiri: hii rangi ni uchafu wa ini, hii ya figo, mapovu haya ni mafuta mabaya. Mteja anayatazama maji kwa hofu na faraja kwa pamoja. Analipa, anapangiwa siku ya kurudi.

Kuna jambo moja ambalo mhudumu huyo hamwonyeshi mteja, nalo ni kuiwasha mashine ile bila miguu ya mtu yeyote ndani ya beseni. Maji yatabadilika rangi vilevile. Ndani ya kile kidude mna vipande vya chuma, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi chuma huliwa na kutu kwa kasi. Kinachoelea kwenye beseni ni kutu. Sumu ya mteja, kama anayo, anarudi nayo nyumbani.

Biashara ya kutoa sumu mwilini imeshamiri siku hizi. Ipo chai ya kusafisha ini, ipo sharubati ya kuosha figo, zipo plasta za kubandika unyayoni usiku ambazo asubuhi hubanduliwa zikiwa nyeusi (huwa nyeusi pia ukizidondoshea maji matupu). Wanaonunua vitu hivi si wajinga. Wamewaona ndugu zao wakiugua figo na ini wakiwa bado vijana, wamesikia habari za vyakula vyenye kemikali, na wanahisi, kwa haki kabisa, kwamba kuna kitu hakiko sawa katika tunachokula na tunachovuta. Wasiwasi wao una msingi. Kinachoniudhi ni kwamba fedha inakwenda kwenye beseni wakati sumu yenyewe imekaa kwenye debe la unga.

Ini na figo havingoji kusafishwa, kwa sababu vyenyewe ndivyo visafishaji. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku moja. Karibu yote hurudishwa mwilini na inabaki kama lita moja na nusu ya mkojo. Hakuna majani ya chai yanayoiboresha kazi hiyo. Halafu zipo sumu ambazo hata viungo hivyo havina ubavu nazo. Madini ya risasi yakishaingia hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, kisha hujipenyeza kwenye mifupa na kutulia humo kwa miongo. Aliyepata sumu kali ya risasi hutibiwa hospitali kwa dawa maalumu, chini ya uangalizi. Kuendelea kunywa vya kusafishia huku chanzo kikiwa palepale jikoni ni kufua maji chomboni bila kuziba tundu.

Debe la unga

Nianze na unga, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa kimyakimya. Katikati ya mwaka 2016, katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakawa ya manjano. Hadi mlipuko ulipotulia mwezi Novemba walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao wamefariki. Hawakuwa wamekula kitu cha ajabu. Walikula ugali. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, ilikuwa mbaya zaidi: wagonjwa 317, vifo 125, mlipuko ambao hadi leo unatajwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake duniani.

Kilichowaua ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizokaa na unyevu. Dunia iliijua kwa mara ya kwanza mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ukungu wenyewe unaweza kuonekana, wa kijani au wa njano, lakini sumu haionekani. Na haiungui jikoni: huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 230, wakati maji ya ugali yanachemka kwenye nyuzi 100. Songa ugali mpaka mwiko ukatike, sumu iko palepale.

Ubaya wake mwingine hauzungumzwi sana. Sumukuvu ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini lenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa kali zaidi, ikashikamana na vinasaba vya seli na baada ya miaka kuzaa saratani. Anayekunywa mchanganyiko wa "kuamsha ini" huku akila mahindi mabovu afikirie anaamsha nini. Na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa mara nyingi zaidi kuliko asiye navyo. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wetu huipata ndani ya pentavalenti kliniki, hupunguza pia hatari hiyo ya sumukuvu, ingawa hakuna anayeitangaza hivyo.

Dozi kubwa huua kwa wiki chache. Dozi ndogo ya kila siku, ambayo ndiyo yetu wengi, haina kelele. Watafiti waliowapima damu watoto wadogo katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro walikuta alama za sumukuvu kwa idadi kubwa yao. Uhusiano wake na udumavu bado unachunguzwa, lakini mimi sihitaji kungoja mjadala huo uishe ndipo nitazame kinachoingia kwenye uji wa mtoto.

Maana uji huo, ule wa lishe, ndio unaonitia wasiwasi kuliko chakula kingine chochote. Mama ameambiwa kliniki achanganye nafaka na karanga, naye kwa mapenzi anachanganya mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, anakaanga, anapeleka mashineni. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni zile karanga. Nenda sokoni uangalie mafungu: karanga nzima zilizojaa zina bei yake, na pembeni yake kuna zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa, zinazouzwa kwa bei ya chini na muuzaji akikwambia bila kificho kwamba hizi ni za kusaga. Karanga za kusaga! Yaani zile ambazo mkubwa angezitema zikiwa nzima, mtoto wa miezi minane anapewa zikiwa unga. Nunua karanga nzima, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, ondoa moja moja kila iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotoboka au kuota ukungu. Kazi hiyo ya ungo inaondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu huwa imejazana kwenye punje chache mbovu. Na ukitafuna karanga ikawa chungu, iteme, usione haya.

Mahindi nayo huanzia shambani. Yakivunwa yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia vijiko vichache vya chumvi kavu na kikombe cha mahindi, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikibaki chini inamwagika yenyewe, yanaweza kuhifadhiwa. Yakishakauka, ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayojulikana kwa jina la PICS na iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kameruni, huwaua wadudu kwa kukosa hewa tu. Huhitaji kunyunyizia dawa chakula utakachokula mwenyewe. Ila ukiyafungia mahindi yenye unyevu humo, umejifungia tatizo.

Sasa dona au sembe? Wataalamu wa lishe wanatuhimiza dona, nao wana haki: pumba na kiini ndimo zilimo nyuzinyuzi na vitamini. Lakini sumukuvu nayo hupenda kukaa humohumo, na kukoboa huipunguza. Msimamo wangu ni huu: dona ni la mahindi unayoyajua, uliyoyaona yakikauka, uliyoyachambua mwenyewe. Mahindi ya kuokoteza msimu wa njaa, usiyojua yalilala wapi, yachambuliwe, yakobolewe na kuoshwa kabla ya kusagwa. Pumba zake usikimbilie kumpa ng'ombe wa maziwa, kwani sumu humfuata hadi kwenye ziwa na kukurudia kikombeni. Wala mahindi yaliyooza yasiwe mali ya mpika pombe. Kuna dhana kwamba kwenye komoni kila kitu huchachuka kikaisha. Hakiishi.

Serikali zinalijua tatizo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu kwa kila sehemu bilioni moja ya nafaka, na Machi 2021 malori ya mahindi ya Tanzania na Uganda yalikwama mipakani baada ya Kenya kuzuia kuyaingiza kwa sababu hiyohiyo. Siku zile kila mtu aliongelea sumukuvu, kwa sababu iligusa biashara. Ugali wa nyumbani hauna mpaka wala mkaguzi.

Mkaa uliokolea

Kila msimu wa baridi habari hujirudia kutoka nyanda za juu: mume, mke na watoto wamekutwa wamekufa, mlango umefungwa kwa ndani, jiko la mkaa liko katikati ya chumba. Majirani hudhani wamelishwa kitu.

Wengi wetu tunajua moshi ni mbaya, na ujuzi huo nusu ndio unaoua. Mtu huwasha jiko nje, hungoja moshi uishe na mkaa ukolee, kisha huliingiza chumbani akiamini sasa ni salama. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hujishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Anasikia kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, usingizi. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa wakati mmoja, si malaria, tokeni nje. Aliyezidiwa apelekwe hospitali akapewe oksijeni, ambayo huiondoa hewa hiyo kwenye damu kwa haraka mara kadhaa kuliko hewa ya kawaida. Maziwa, ambayo kila mtaa una mtu wa kuyapendekeza, hayafanyi lolote hapa.

Nisisitize habari ya mzazi. Desturi ya kumwekea mama aliyejifungua jiko la mkaa chumbani, yeye na kichanga chake, madirisha yamezibwa kanga ili baridi isiwapate, ni desturi ya upendo, na mama mkwe akilileta jiko si rahisi kumwambia alitoe. Basi mtafutieni njia ya heshima: chumba kipashwe joto mapema, jiko litolewe, dirisha lifunguliwe kidogo, ndipo mama na mtoto waingie.

Moshi wenyewe nao hauko nyuma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 vilivyotokana na hewa chafu ya majumbani, sehemu kubwa ikiwa ni moshi wa kupikia. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mimi sina ugomvi na lengo hilo, ila najua mtungi wa gesi huisha katikati ya mwezi na maharage hayangoji mshahara. Kwa nyumba yenye umeme, jiko la presha la umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja, na hiyo ni hesabu ambayo watu wengi wa mjini hawajaifanya. Kwa asiyeweza, jiko la mkaa likae nje au chini ya dari lenye pa kutokea moshi, na kuni ziwe kavu.

Ila kuna jambo moja ambalo halihitaji mkakati wala shilingi: acha kuwashia jiko kwa nailoni. Nenda uswahilini saa kumi na mbili asubuhi uone. Kipande cha ndoo, mfuko, kandambili iliyokatika, kinadondoka matone ya moto juu ya mkaa, na moshi mweusi unapanda hadi kwenye pua ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo namna ile hutoa kemikali ambazo kiwanda chochote kingetozwa faini kwa kuzitoa. Maganda makavu ya nazi, karatasi, vijiti vya msonobari, vyote huwasha.

Chumbani, ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya duara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba duara moja likiungua lote hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi. Udi na ubani siwezi kuwaambia watu wa pwani wauache, nami sitaki kufukuzwa. Tufukize dirisha likiwa wazi.

Mama ntilie anayefunika wali au ndizi kwa mfuko wa nailoni ili uive kwa mvuke amenisumbua muda mrefu. Ushahidi wa madhara ya kemikali za plastiki kwa binadamu hauna uzito ule wa sumukuvu au risasi, na sipendi kuwatisha watu kwa kitu kilicho katikati. Lakini plastiki na joto na mafuta vikikutana, vitu huhama kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye chakula, hilo halibishaniwi. Jani la mgomba lipo na sahani ya bati ipo.

Kuhusu magadi: mpishi wa Arusha na Moshi anayelainishia makande kwa magadi akumbuke kwamba maji ya maeneo hayo yana floraidi nyingi tayari, na magadi nayo yana floraidi. Meno ya kahawia ya watoto wa huko hayatokani na kutopiga mswaki. Mjamzito anayetafuna vidonge vya udongo vya sokoni, naye ajue kwamba udongo huo umewahi kupimwa na kukutwa na risasi na aseniki.

Krimu na chupa

Mkorogo una sumu yake ya pekee, zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana wauzaji huitia. Kisha hupita kwenye ngozi hadi kwenye figo. Anayejipaka hayuko peke yake katika hatari. Zebaki hupanda hewani chumbani, hubaki kwenye taulo na mto, na kichanga kinachobebwa kifuani kinapata sehemu yake bila kujipaka chochote. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliolishwa zebaki na samaki wa ghuba yao walianza kutambuliwa rasmi mwaka 1956, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni kuanzia 2020. Mwaka 2023 huko Geneva nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kiasi hicho ifikapo 2025. Sokoni bado vipo.

Soma kopo. Ukiona mercury, calomel, mercurous chloride au hydrargyri, rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isigusane na pete za dhahabu au fedha, rudisha haraka zaidi, kwa sababu zebaki huungana na dhahabu, kama wachimbaji wadogo wa Geita wanavyojua. Kopo lisiloorodhesha chochote, au lile lililopimwa kutoka kwenye ndoo saluni, halina hata haja ya kusomwa.

Nje kipaza sauti kinapita kikirudia wimbo wake: panya, mende, kunguni, viroboto. Vifuko havina jina la kemikali, havina tarehe, vingine ni viuatilifu vya shambani vilivyopunguzwa na kufungwa upya. Anayenyunyizia godoro kwa dawa ya pamba ili kuua kunguni analala juu ya dawa ya pamba. Viuatilifu Tanzania husajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, na kilichosajiliwa huwa na lebo yenye jina la kiini chake. Daktari anayempokea mtoto aliyelamba kitu hicho huhitaji jina hilo kuliko maelezo mengine yote. Nyanya zenye ungaunga mweupe nazo zioshwe kwa maji yanayotiririka na kusuguliwa kwa mkono. Halafu usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi: hutoa klorini, na choo kidogo cha ndani hakina pa kukimbilia.

Chupa ya soda yenye mafuta ya taa chini ya meza ndiyo sumu ya watoto inayojulikana kuliko zote, na bado iko chini ya meza. Mtoto akinywa, mkono wa kwanza wa mtu mzima humtapisha, wa pili humpa maziwa. Yote mawili yaachwe. Mafuta ya taa huua zaidi yakiingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mvue nguo zenye mafuta, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali mkiwa na chupa yenyewe.

Risasi

Mpaka hapa nimesema kana kwamba kila kitu kiko mikononi mwa mwenye nyumba. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, inaonyesha mwisho wa mawazo hayo. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi kando ya mtaa huo mwaka 2007, na kwa miaka kadhaa moshi na maji yake yaliingia kwenye nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akinyonya alikuwa na sumu ya risasi. Aliacha kazi, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Hakuna mama wa Owino Uhuru ambaye angeweza kuepuka sumu ile kwa kufagia vizuri zaidi.

Na ushindi mkubwa kuliko wote tulioupata dhidi ya risasi haukutoka jikoni. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara ifikapo mwanzoni mwa 2006, baada ya nchi kukubaliana Dakar mwaka 2001, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo leo havuti risasi ambayo wazazi wake waliivuta kila siku, nao hawakufanya chochote. Sheria ndiyo iliyofanya.

Iliyobaki iko kwenye rangi na sufuria. Kwenye rangi, kiwango kinachokubalika sasa ni sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini nyumba zilizopakwa zamani zina rangi za zamani. Sufuria nzito za kumiminwa kwa vyuma chakavu ni jambo jingine: watafiti walipojaribu vyombo vya aina hiyo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo, kama theluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi vilipochemshiwa kitu chenye asidi. Fundi hana kosa la makusudi; hajui ndani ya chuma kile kulikuwa na nini, redieta au betri. Sufuria hiyo isipike mchuzi wa ukwaju, ndimu wala nyanya nyingi, na chakula kisilale ndani yake. Ya chuma cha pua ni ghali, ila hainunuliwi kila mwaka.

Anayepanga kupaka nyumba upya kabla ya sikukuu asiikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, msasa upite ukiwa na maji, watoto na mjamzito walale kwa jirani siku hizo, vumbi likusanywe kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio. Watoto wanawishwe mikono kabla ya kula, maana risasi ya vumbi huingia kwa vidole. Na wapewe dagaa, maziwa na mboga za majani, kwa kuwa mwili wenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hunyonya risasi kidogo zaidi. Hicho ndicho kitu pekee cha kumeza, katika makala hii nzima, ambacho ningemshauri mtu akinunue kwa ajili ya sumu. Fungu la dagaa ni rahisi kuliko beseni.